Zumari la Goulven

Barua ya maabara ya Brest imefika Alhamisi,
pamoja na bili ya umeme.
Nimesoma bili kwanza.

Kwenye karatasi, safu mbili za mistari
kama meno ya vitana viwili vya kiwanda kimoja:
kushoto, makohozi yangu ya mwezi uliopita;
kulia, ya "mgonjwa 41",
yaliyogandishwa tangu mwaka elfu mbili na sita.
Jino kwa jino, zinalingana.
Jina hawakuliandika. Sheria.
Lakini mwaka ule nilizika mtu mmoja tu.

Goulven Abgrall, mtoto wa mkulima wa vitunguu,
vile vya waridi vya Roscoff, vinavyosukwa kama nywele.
Tulikuwa na miaka kumi na mitatu,
kambi ya watoto wa ute mzito,
watoto ambao ukiwabusu unaonja chumvi.
Asubuhi walitugonga migongo kama wanaokung'uta magunia,
mchana wakatuachia ufukwe na upepo wake.
Alikuja na zumari la babu yake.
Akapuliza pumzi tatu, akakohoa, akanipa.
Nikapuliza mbili, nikakohoa, nikamrudishia.
Wimbo mmoja ulitumalizia wiki nzima
na mwisho wake hatukuufikia.
Hakuna aliyetukataza. Hawakujua bado.

Daktari Kerbrat anasema bakteria huyu
alijulikana kwanza kwa kuozesha vitunguu.
Akasubiri nicheke.
Nilicheka, nikamalizia kwa kukohoa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe alikuja nalo.

Tangu walipomtambua, kliniki yangu ni Jumanne jioni,
mlango wa nyuma, peke yangu;
nikiinuka, kiti kinapanguswa
kabla hakijapoa.

"Kipimo hiki kinajua nani na nani," alisema.
"Hakijui nani kwanza."
Kuna kingine, husoma vinasaba herufi kwa herufi,
huhesabu makosa ya kunakili,
kisha huchora mti:
shina ni la nani, tawi ni la nani.
Nitie sahihi hapa, na hapa.

Sikutia.

Kila Agosti mama yake hunitumia msuko wa vitunguu
na kadi yenye maneno mawili: Kula, mwanangu.
Wa mwaka huu unaning'inia jikoni.
Fomu iko chini yake,
imeanza kuangukiwa na maganda.

Sina hata soksi yake. Zumari walilizika naye.
Yuko Brest, nyuzi themanini chini ya sifuri,
ndani ya kichupa kisichozidi kidole;
na yuko hapa, kwenye joto langu,
huamka saa tisa za usiku
akanigonga kifua kutokea ndani,
nami nakaa kitako kitandani,
natema kwenye kikopo,
nafunga kifuniko taratibu,
naandika tarehe.