Herufi Kumi na Saba

Nachaji kwa herufi, mia tano mia tano.
Nafasi kati ya neno na neno ni bure,
sijawahi kumlipisha mtu hewa.

Maendeleo: tisa. Endelevu: nane.
Elfu nane na mia tano, turubai uje nalo.
E zimo sita. Brashi yangu namba nne
imeota upara upande mmoja kwa ajili ya hizo E.

Mwaka huu peke yake, hapa Mabatini,
nimeyaandikia semina ya vyoo, semina ya nyuki,
mahafali ya chuo cha upishi,
kikao cha siku tatu kule Kapripointi
kilichopanga tarehe za vikao vingine,
na bwana mmoja aliyemwaga kifusi juu ya matete
apate kusimamisha ukumbi wa harusi unaotazama ziwa.
Huyo alitaka kijani kibichi, na jani juu ya U.
Jani nililihesabu herufi.

Mimi si msomi. Ila ukilichora neno mara mia
unaanza kuliona mifupa.
Humo mote mna kwenda:
enda, endelea, endeleza.
Mwendo unaokwenda mwendo.
Nikamuuliza Bwana Masanyiwa wa wilayani,
aliyeleta kazi Jumatatu akaitaka Jumatatu hiyohiyo,
yanakwenda wapi?
Akatazama saa. "We andika, fundi.
Wafadhili wanaingia saa nne."

Waliingia saa saba.
Wakapigwa picha chini ya E zangu.
Saa tisa kamba zilikwisha kukatwa.

Mwezi uliofuata nikalikuta Igombe
limelala chali mchangani, limefunikwa dagaa.
Nyanzala alilipata kwa mlinzi wa ukumbi
kwa makopo mawili, la tatu la kujazia.
Alikuwa amelipasua kwa kisu palepale kwenye nafasi,
pale nisipochaji.
Maendeleo kampa mkwewe, kaezekea banda la kuku.
Endelevu kabaki nalo,
"maana hili halina tundu."

Dagaa walikuwa wamegandia kwenye N na D.
V ilikuwa imelewa mafuta, karibu iwe Y.

"Limeandikwa nini?"
Nikaanza kumsomea.
"Kusoma najua. Nauliza maana."

Nikakohoa, nikasema kama walivyosema redioni:
kula leo bila kuila kesho.
Akawageuza dagaa kwa fagio, taratibu,
hadi mwisho wa turubai, akarudi.
"Aa," akasema. "Kupisha mwezi."

Kwani mwezi ukijaa, taa haimdanganyi dagaa,
iwe karabai, iwe sola.
Mitumbwi hupinduliwa matumbo juu.
Siku saba, nane,
nyavu hushonwa, mume na mke hukumbuka ugomvi wao,
deni la duka husubiri likinuna,
na huko chini vidogo huongeza nyama.
Hakuna aliyetengeneza bango.

"Ila siku hizi wapo wasiopisha,"
akasema, asiwataje.
Midomo yake ikanyooshea majini,
magugu maji yalikokuwa yakija na upepo,
manene, yameshikana mikono,
bila semina, bila mfadhili.
"Yanayoendelea ni yale."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alikuwa akitazama wingu.

Jana Masanyiwa kapiga simu.
Turubai jipya, maneno yaleyale,
anaomba punguzo kwa kuwa ni mteja wa kudumu.
Nimemkatalia kwanza, nimekubali baadaye, ndiyo biashara.

Usiku huu nimepiga mistari kwa penseli.
Katikati nimeacha nafasi pana,
ya kupita mkono wenye kisu,
na kila upande nimekunja pindo, nimeshona mara mbili,
ili pakipasuliwa
pasifumuke.