Hatua Kumi na Tisa

Simu ililia kabla kahawa haijachemka.
"Choo kinagugumia, Delbert," alisema Zelie Surette,
"kama mtu anayetaka kusema jambo, akaghairi."
Nikaelewa. Alyre yuko makaburini tangu Pasaka,
na tangi lilikuwa kazi ya Alyre.

Novemba, kusini mwa Nova Scotia.
Ardhi ilikuwa na ganda jembamba la barafu,
la kuvunjika chini ya kisigino kama kaukau.
Nikaegesha gari la kunyonyea mbali na nyasi,
maana tairi likikanyaga mitaro ya changarawe
umevunja kile ulichoitwa kukiponya.

"Mfuniko uko wapi?"
Zelie akacheka kicheko kikavu.
Miaka arobaini na moja katika nyumba ile
hakuwahi kuuliza, wala kuambiwa.
Na mimi gari hili nililinunua juzi tu kwa Wilfred,
aliyezijua bustani zote za pwani hii kwa kichwa,
akafa nazo.

Akaleta kopo la biskuti. Ndani mna stakabadhi,
moja kwa kila mwaka wa tatu, zimebanwa kwa kibanio cha nguo,
na nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, kwa penseli:
*Kona ya jikoni. Hatua 19 kuelekea mtofaa. 4 kushoto.*

Hatua za nani?

Zelie akahesabu zake. Nikachoma chuma: udongo.
Nikahesabu zangu: udongo. Mzizi. Udongo.
Jua lilipanda bila kumpa mtu joto.
Nikaanza kutaja gharama ya kuleta mashine ya kuchimba,
naye akaingia ndani katikati ya sentensi yangu.

Alirudi amevaa mabuti ya Alyre,
yanampwaya hata kwa soksi mbili.
Akasimama kwenye kona ya jikoni,
akaweka mikono nyuma, kichwa mbele kidogo
(Alyre aliinama hata penye mlango mrefu),
akaanza kutembea, na mwendo haukuwa wake.
Guu lilirushwa kama la mtu
anayevuka mfereji ambao haupo.
Nilimjua yule mtu. Nilimwona akivuka.
Kumi na saba. Kumi na nane. Sikuthubutu kukohoa.
Kumi na tisa, kisha nne kushoto.
Chuma kikagonga: ngo.

Husemwa mavi ya kale hayanuki.
Aliyesema hivyo hakuinua mfuniko huu.
Lakini Zelie hakurudi nyuma. Alitaka kuona,
basi nikamwonyesha: juu utando wa mafuta,
mnene kama godoro la mtoto;
chini tope; katikati maji,
ambayo ndiyo pekee yanayoruhusiwa kutoka.
Na kichujio kimevaa ndevu nyeupe.
"Wajukuu," akasema. "Zile karatasi zenye maji."
"Paketi inasema zinayeyuka," nikasema.
"Paketi haikai hapa," akasema yeye.

Nikanyonya. Mpira ukatetemeka, ukakoroma, ukameza miaka minne,
na mwaka wa mwisho wa Alyre ndani yake:
supu alizozikataa, vidonge alivyovitapika.
Hilo sikulisema. Nikaosha kichujio,
nikamwambia mafuta ya kukaangia ayatie koponi,
asifue nguo zote Jumamosi moja,
na mti wowote asiupande pale,
hata kama nyasi zake ndizo za kijani kuliko zote.
Alitikisa kichwa kama mtu anayejifunza sala.

Kisha akavua mabuti, akavaa viatu vyake,
akarudi kwenye kona ya jikoni.
Akatembea hadi mfunikoni polepole, kwa mguu wake mwenyewe,
midomo ikihesabu.
Ishirini na saba. Sita kushoto.
Akaigeuza bahasha, akauliza
kama si afadhali safari hii aandike kwa wino.

Penseli, nikasema.
Wino hukimbia ukiguswa na unyevu.