Matundu ya Kofia

Kofia ya kutobowa, nashonea barazani,
Kila tundu nalijuwa, nahesabu kimoyoni;
Lali naye achukuwa saruji ya Mkomani,
Punda kagoma njiani, hatambui la dharura.

Barua imeshafika, ya chuo nilichoomba,
Ni Mombasa, kwa miaka mitatu, mbali na nyumba.
Nyuma yake naandika: nazi mbili, unga, kamba,
Na deni letu la chumba, linalongoja ujira.

Akili yangu husema, kama karani wa kodi:
"Kusoma si kumhama; kuna simu, kuna kadi."
Moyo nao wainama, hauna hata shahidi
Ila harufu ya udi, na saruji ya ijara.

Nikamwambia usiku, tulipokuwa tukila.
Akameza tonge, huku akinitazama bila
Neno. Kisha: "Kila siku wahesabu ukilala.
Nikufungeje kwa mila? Mke si punda, Munira!"

Laiti angekataa, nipate wa kulaumu!
Ruhusa ndiyo balaa, yataka nijihukumu.
Nilikesha kwa masaa, nikisikia kwa zamu
Paka wa Langoni, Lamu, na mkoromo imara.

Asubuhi nikaona safu ya tano ni kosa:
Matundu yamebanana, nikiwaza ya Mombasa.
Nafumua pole sana, nisiichane kabisa,
Kofia yataka sasa mikono yenye subira.

Barua ipo rafuni, chini ya kopo la chai,
Mbele muhuri wa shani, nyuma nazi na mayai.
Nina siku ishirini kujibu; sijakinai.
Punda wetu hashangai: kagoma tena, mkora!