Mwajiri wa Isevya

Barua ya halmashauri ilikuja na mhuri wa zambarau,
imekunjwa mara nne mfukoni mwa Bwana Mihayo wa ustawi wa jamii.
Aliegemeza baiskeli ukutani, akasema:
Nyamizi, fedha hizi ni za msaidizi wako.
Utamtafuta mwenyewe, utamlipa mwenyewe.
Na risiti, dada yangu, risiti usipoteze.

Kabla chai haijapoa, ukoo ulishajaa uani.
Kaka yangu Lukelesha, asiyekanyaga hapa tangu masika ya mwaka juzi,
alimleta mkewe na nusu gunia la viazi.
"Damu nzito kuliko maji," akasema.
Kaka, nikamjibu, mimi natafuta mtu wa maji.
Ya kuoga.

Nikaweka daftari mapajani,
mapaja yasiyojua uzito wa daftari mwaka wa kumi na moja huu,
nikawaita mmoja mmoja kama karani wa sensa.

Wa kwanza aliniinua kabla ya kunisalimu.
Wa pili aliongea na shangazi, juu ya kichwa changu:
"Anakula nini huyu? Analala saa ngapi?"
Anakula watu, nikasema.
Wa tatu alilia. Nikamwazima ncha ya kanga yangu, nikamuaga.

Kisha Kalunde, binti wa mrina asali wa Sikonge,
mikono ina alama za nyuki.
Akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa kimo kimoja,
akauliza: Nisikushike wapi?

Nani aliwahi kuniuliza?
Si wauguzi, si mama, Mungu amrehemu,
si yule mwanamume nisiyemtaja.
Nikafikiri. Treni ya Mpanda ikapiga honi stesheni, ikaondoka,
mimi bado nafikiri.
Bega la kushoto, nikasema. Na nywele, mpaka nikuambie.

Sasa kila mwisho wa mwezi naandika:
mshahara, sabuni, mafuta ya mgongo, bajaji ya soko.
Halmashauri wakahoji: bajaji ya soko ya nini, si atumwe msaidizi?
Nikawajibu kwa kalamu nyekundu:
Nyanya huwa nabonyeza mwenyewe.

Leo Jumapili. Kalunde kaenda kwao.
Nywele zangu timutimu, chai ya jana kwenye chupa.
Jirani kachungulia dirishani, kasikitika:
"Maskini, amekuacha hivi?"

Sijaachwa, mama Tausi.
Yuko likizo.
Nimesaini mimi.