Kitufe cha Tano

Asilimia moja, nukta mbili.
Ndivyo tulivyoandikwa kwenye jedwali lililotoka Helsinki,
safu ya waridi, chini kidogo ya gharama za kahawa.

Mimi ni Raili Kontkanen, zamu ya usiku,
Tampere, ghorofa ya pili, mlango usio na kibao.
Kazi yangu ni kuhakikisha kioo hakiwi cheusi.
Kwa miaka kumi na tisa kimekuwa cheusi mara mbili:
mara moja kwa sababu ya radi,
mara moja nilikuwa nalia, sikuiona saa.

Chaneli kubwa ina mpira,
ina wapishi wanaogombana,
ina mtabiri wa hali ya hewa anayesalimiwa dukani.
Sisi tuna filamu ya dakika tisini juu ya kuvumwani,
huo ukoga wa mawe unaokua polepole kuliko ukucha.
Tuna wanawake wawili wa Inari
wakibishana kuhusu nyavu kwa lugha
ambayo wasemaji wake wote wangeenea mabasi saba.
Tuna habari za lugha ya ishara,
dakika tano, saa mbili kasorobo,
kimya kama theluji inavyoanguka juu ya theluji.

Sitadanganya.
Usiku mwingine hata mimi huwatazama wapishi.

Jumanne alikuja kijana wa mikakati, Ylitalo,
viatu vyake havijawahi kukanyaga barafu.
Akasema: hatufungi, tunahama.
Akasema: watazamaji watatukuta mtandaoni.
Neno safari alilitaja mara nne
na hakuna aliyefunga mzigo.
Mwenzake wa bodi akaongeza, kwa upole wa daktari wa meno,
kwamba tukipunguzwa sisi, ile kubwa itapona.

Kata pua uunge wajihi.
Nikatazama uso wake, nikajiuliza
atapumulia wapi.

Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli,
lakini kibaba chenyewe nani alikipima?
Mashine yao huhesabu nyumba.
Haihesabu mkono.

Nina barua hapa, imeandikwa kwa kalamu ya risasi.
Imetoka Kajaani, kwa Martti Hautala, fundi wa boti.
Mama yake, Sylvi, ni kiziwi tangu kuzaliwa,
ana miaka themanini na minane,
na sasa anasahau: jina la mtaa, mume aliyezikwa,
kama amekula.
Lakini saa mbili kasorobo
msomaji anapoinua vidole na kuandika mvua hewani,
Sylvi huinua vyake, akajibu.
Humsahihisha, hata.
Humwambia: kaskazini hatusemi hivyo.

Kwenye rimoti yao, kitufe cha tano
kimepakwa rangi ya kucha, nyekundu.
Huo ndio mlango wake wa kuingilia duniani,
na Martti anauliza, bila hasira,
huko mtandaoni
rangi ya kucha nitaipaka wapi?

Barua nimeitoa nakala tatu.
Moja ilirudi na muhuri: Imepokelewa.

Uamuzi umesogezwa hadi Juni.
Juni usiku hauingii vizuri, jua linang'ang'ania dirishani,
watu wako kwenye vibanda vya ziwani, hawasomi magazeti.
Naijua Juni.

Wakati huohuo wametuletea fomu.
Swali la kumi na moja: iwapo itabidi,
dakika ya mwisho hewani tuweke nini?
Onni wa zamu ya mchana kaandika wimbo wa taifa.
Mwingine kaandika nembo, ififie taratibu.
Mimi nimeandika:
mikono.
Mikono ya yeyote, ikisema hali ya hewa ya kesho,
ya Kajaani kwanza.

Hawajajibu.

Saa tano na dakika moja.
Nabonyeza. Taa ya kijani.
Jiwe linajaa kiooni, la kijivu, lenye baridi,
na pembeni yake, kama mtu hana haraka,
kitu kidogo cha njano
kinaendelea kukua.