Saa Mbili Lyulilo

Nahodha kasema saa mbili,
honi ikilia tusilaumiane.
Nikashuka, viatu mkononi.
Milima ya Livingstone imesimama ziwani, maji magotini.

Kakao imeanikwa njiani, inanuka kama pombe changa.
Nikaikanyaga kidogo. Nikatukanwa Kinyakyusa,
nikaitikia, “Asante.”

Sokoni, Subilaga anagonga chungu kwa ukucha:
“Kikijibu ngo, kimeiva.
Kikinyamaza, mwachie mwenyewe.”
Niligonga sita.

Honi!
Nikakimbia na chungu kifuani kama mtoto wa watu.
Baharia akauliza bei. Nikataja.
“Umepigwa,” akasema, akaenda zake.

Usiku injini inatetema,
chungu kinajigonga kitandani, ngo, ngo,
kana kwamba ukucha ule
sasa unanipima mimi.
Nami nimenyamaza.