Inavuta Kulia

Landrova ya mwaka sitini na sita
imekalia magogo manne ndani ya zizi la Hvammur,
kaskazini mwa Aislandi, ambako mwezi wa Juni
jua huzungukazunguka kama mgeni asiyejua kuaga.
Saa saba za usiku nasoma namba za spana bila taa.

Nimeanza na sakafu.
Kiraka cha kwanza ni bati la paa.
Chini yake ubao wa sanduku la samaki, bado unanuka chumvi.
Chini ya ubao, sufu ya kondoo iliyolowa oili chafu,
imeshindiliwa kwa bisibisi.
Funika kombe, mwanaharamu apite.
Mwanaharamu hakupita.
Alikaa humo miaka arobaini
akila chuma, hata siku za sikukuu.

Nani alifanya haya? Namtukana kila ninapokata.
Bolti ya milimita, nati ya inchi,
zimeozeshwa kwa nyundo.
Fyuzi ni msumari.
Waya wa taa umeungwa kwa plasta ya kidonda.
Na huku nyuma, kushoto, bomba la breki
limekunjwa, likabanwa kwa koleo kama shingo ya kuku,
ili mafuta yasifike kwenye gurudumu linalovuja.
Magurudumu manne, breki tatu.
Na tulishuka nayo mlima kila Septemba,
kondoo wachechemeao nyuma,
mimi katikati, mti wa gia ukinigonga magoti.

Baba anapiga simu kutoka nyumba ya wazee.
Haulizi rangi. Haulizi injini.
“Halla, bado inavuta kulia?”
Namwambia haina hata magurudumu.
“Ukikanyaga breki, peleka usukani kushoto. Kidogo tu.”

Basi nimemjua mwenye koleo.
Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Mwaka ule theluji ilifunga barabara hadi Mei,
spea ilikuwa melini, na meli haikuwa na haraka na sisi.
Aliyeishiwa hachagui kiraka.
Lakini alikuwa na watoto watatu ndani ya gari hili.
Yote mawili ni kweli,
nami sina gesi ya kuyachomelea pamoja.

Juzi nilifika kwenye nguzo ya mlango.
Puti nene kama uji uliolala, juu yake rangi ya jikoni.
Nikapiga msasa. Rangi ikatoka, ikaibuka
alama ya kidole gumba. Ndogo.
Kovu limeikata mshazari.
Nikaweka changu juu yake: kovu lile lile,
limekua pamoja nami.
Nilikuwa na miaka kumi. Alinipa kopo,
akasema, ziba hapo, nawe ni fundi.
Sikunawa mikono hadi asubuhi.

Nilidhani hapo, angalau hapo, chuma kitakuwa kizima.
Bisibisi ilizama kama kwenye mkate uliodondoka majini.
Nikapakata pia.
Sikuweka kipande kabatini.
Kilikwenda na taka za Jumanne.

Leo Oddur, kijana wa jirani, amekuja kunikanyagia pedali.
Mimi chini, bomba jipya la shaba, spana ndogo.
“Kanyaga. Shikilia. Achia.”
Mapovu mengi, mapovu mawili, kisha mafuta matupu.
Mara ya kumi na tisa anasema, “Imekuwa ngumu,”
kwa sauti ya mtu anayedhani ameharibu.

Tukaitoa nje, tukateremka hadi karibu na daraja.
Nikakanyaga.
Ikasimama pale pale, kama mtu aliyeitwa jina lake,
ila pua imeingia mtaroni, upande wa kushoto.

Oddur ameng'ang'ania dashibodi. “Breki?”

Breki ni nzima.
Mikono yangu ndiyo iliyopeleka usukani,
kidogo,
kidogo tu.